Vile Nilifufuka Kwa Matanga ya Watu

Hiyo video mmeiona. Msiniambie hamjaiona, kwa sababu hata jamaa wa kuuza mutura, ile soseji ya matumbo, pale Nakuru mjini aliacha kukata mutura akaniangalia, kisu juu, akasema, "Boss, si wewe ndio ule wa jeneza?" na watu wote kwa line wakageuka. Yule kijana anaruka nje ya jeneza, uso umejaa unga, anapuliza vuvuzela, ndio, ni mimi, na sio edit vile wengine husema kwa comments. Mmecheka sana (najua, hata mamangu alicheka kabla ajue ni mimi, halafu akaacha), kwa hivyo wacha leo niwaambie yenye haionekani kwa video, juu video inaanza nikiruka na inaisha nikikimbia, na aibu yenyewe iko mbele na nyuma ya hapo.

Kwanza lazima mjue Tata Njoki. Ni dada mdogo wa babangu, ana agrovet hapa kwetu upande wa Bahati, anauza dawa ya viazi na chakula ya ng'ombe, lakini hiyo sio kitu watu wanamjulia. Tata ndiye mtu wa kwanza kupigiwa simu mtu akifiwa. Sio chief, sio pastor, ni Tata. Anakuja na hema yake, viti zake, zile sufuria zake kubwa nyeusi, na anajua nani atachimba, nani atapika, na nani asipewe microphone juu ataongea mpaka jua liingie. Mjane akilegea pale kwa kaburi, ukiangalia vizuri utaona kuna mkono nyuma ya mgongo wake, na huo mkono ni wa Tata. Amefanya hivyo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Kwa hivyo wakati alisema anasimama MCA, kiti ya ward yetu kwa county, watu hawakumuuliza manifesto. Walisema tu, huyo alituzikia baba, huyo alituzikia shosho. Hakuwa na chama kubwa, hakuwa na helikopta, alikuwa na hiyo.

Na mimi nikaona hiyo haitoshi.

Nilikuwa nimemaliza form four, nimekaa tu nyumbani nikingoja maisha ianze, na nilikuwa na haraka, wacha niseme ukweli, nilikuwa na haraka na kila kitu. Nikajipa cheo ya director wa digital (hakuna mtu alinipinga, hakukuwa na director mwingine). Nikaangalia poster ya Tata nikaona inafanana na poster za watu wote, mikono imekunjwa, tabasamu ya kulazimishwa, "Chaguo la wananchi". Halafu nikifungua simu naona wengine huko nje, mmoja anafanya kampeni akiwa juu ya punda, mwingine amevaa suti anauza soseji za smokie barabarani, na watu wanawaongelea mchana kutwa. Nikajiambia, sisi tutakufa na mikono imekunjwa.

Ndio ikakuja hiyo idea. Ward yetu imekufa: barabara imekufa, dispensary imekufa, stima ya soko imekufa. Kwa hivyo tunaibeba kwa jeneza mpaka sokoni, watu wanaimba wimbo za matanga, Tata anakuja anapiga kifuniko na mkono anasema "Amka!", na mimi ndio ward, naruka nje na t-shirt yake ya manjano na vuvuzela, banner inafunguliwa: WARD IMEKUFA, NJOKI ATAIFUFUA. Nilipomwambia, Tata alikuwa anapima mbegu ya kabeji. Aliweka mizani chini.

"Ndung'u, jeneza haichezewi."

"Tata, ndio maana itashika. Hakuna mtu ashawahi."

"Na wenye wamefiwa?"

"Hata hao watacheka."

Aliangalia nje, kwa barabara. Mheshimiwa wa sasa alikuwa amepita hapo hiyo asubuhi na magari mpya na muziki, na vijana wetu wawili walikuwa wamepanda moja ya hayo magari, kwa hivyo alikuwa amechoka roho. Akasema, "Haya, mambo ya vijana ni wewe unajua." Hiyo sentensi nilibeba kama leseni.

Kulikuwa na watu wa kunionya, sitasema hakukuwa. Pale tulichapisha banner, duka ya mzee mmoja Kalasinga huko Nakuru mjini, mzee alisoma hayo maneno juu mpaka chini akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Watu huja hapa wakilia kuchapisha vitu kama hii. Wewe unacheka." Nikaona ni mzee, hajui content. Fundi wa jeneza naye alikataa kuniazima jeneza nzuri, akasema hakuna mtu atanunua jeneza ishalaliwa na mtu mzima wa afya, akanipatia moja ilikuwa imepasuka kidogo kwa kona, na mimi nikafurahi, nikasema hapo kwa ufa ndio nitapumulia.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko, na hiyo siku kulikuwa na mazishi. Waithaka, kijana wa boda boda, tulisoma na yeye primary, aligongwa na lori huko highway akipeleka mteja. Mamake, Mama Waithaka, ni mjane, na bwanake alizikwa na nani? Na Tata. Hata haya ya Waithaka ilikuwa imepangwa na Tata, hema zake zilikuwa zishasimama kwa uwanja wa kanisa tangu jana yake. Asubuhi akanipigia simu.

"Ndung'u, tuahirishe. Leo sio siku."

"Tata, mazishi ni mchana. Sisi asubuhi mapema tumemaliza, unatoka sokoni unaenda huko direct, hakuna mtu atajua tofauti."

"Nataka kuwa hapo mwili ikifika."

"Utakuwa."

Nilisema hivyo. "Utakuwa." Halafu kila kitu ikachelewa. Jamaa wa camera akachelewa kutoka Nakuru, unga ikanidondoka kwa macho tukaanza kupaka upya, vuvuzela ikapotea ikapatikana kwa kuku. Rafiki yangu Muchiri ndio alikuwa na gari, pickup ya babake ya kubeba viazi, na Muchiri ni mtu wa Molo, huku kwetu hajui mtu. Mpango ilikuwa atembee polepole mpaka kona ya lami, hapo vijana wetu wa boda watatupokea na matawi na hooter, watuongoze mpaka sokoni, Tata yuko hapo anangoja kwa jukwaa. Tulipokuwa tayari ilikuwa jua imeshapanda kabisa. Tata akapiga tena, nikamwambia tunatoka saa hii.

Na hapo ndio nikafanya ile kitu ndogo. Nikaangalia pickup nikaona haikai matanga, inakaa tu pickup ya viazi yenye imebeba sanduku. Nikatafuta kitambaa nyekundu, nikararua vipande, nikafunga kwa side mirror na kwa bonnet, vile magari ya kubeba maiti hufungwa. Banner nikakunja nikaficha chini ya kiti ili surprise isiharibike. Muchiri akaangalia akasema, "Buda, sasa imekaa ukweli." Nikajilaza, akafunga kifuniko.

Wacha niwaambie, ndani ya jeneza kuna joto, na kuna harufu ya gundi, na mtu anaanza kuwaza vitu. Mimi nilikuwa nawaza views. Tulienda tukirukaruka kwa murram, halafu nikasikia lami, halafu nikasikia pikipiki. Pikipiki nyingi! Hooter kila mahali, watu wakipiga nduru, matawi zikikwaruza mlango ya gari. Mimi nilikuwa nimeongea na vijana wachache tu wa stage, sasa nasikia ni kama stage zote za Bahati zimetoka. Nikajiambia, Ndung'u, wewe ni mkali, neno imeenea.

Muchiri naye (aliniambia baadaye, tukiwa bado tunaongea) aliona boda, aliona matawi, akajua ni hao nimepanga. Wakamwonyesha mkono, ingia huku, akaingia. Wale boda walikuwa wanangoja mwenzao kutoka mortuary. Gari ya kumleta ilikuwa imepata pancha huko nyuma, wakaona pickup imefungwa kitambaa nyekundu, jeneza juu, inakuja polepole. Wewe ungefikiria nini?

Gari ikasimama. Nikasikia wimbo, na haikuwa ile wimbo ya kelele nilifundisha youth wetu, ilikuwa ya chini chini, imejaa, sauti za wamama na za wanaume, mpaka nywele zikanisimama. Nikajiambia, eish, wamefanya mazoezi. Mikono ikachukua jeneza, nikainuliwa, nikabebwa, na nakumbuka walinibeba vizuri sana, bila kunitikisa, mtu mmoja akisema, "Polepole, polepole na yeye." Wakaniweka chini. Wimbo ikanyamaza.

Halafu mkono wa mwanamke ukapiga kifuniko. Pa. Pa. Na sauti ikalia, "Amka! Amka, mtoto wangu, amka!"

Nikafikiria Tata ameingia kwa hiyo kitu mzima mzima. Hata nikafurahi ameongeza "mtoto wangu".

Nikaamka.

Nilirusha kifuniko na miguu, nikasimama wima ndani ya jeneza, unga usoni, t-shirt ya manjano yenye picha ya Tata kwa kifua, na nikapuliza hiyo vuvuzela na pumzi yote Mungu alinipatia. Hapo ndio video inaanza. Mnaona watu wanatawanyika, viti zinaanguka, pastor anaruka kamba ya hema, yule mzee anakimbia mpaka anarudi kuchukua kofia. Mnacheka. Hata mimi ingekuwa mtu mwingine ningecheka.

Kitu yenye camera haikushika, juu mwenye simu (sio jamaa wetu wa camera, ni mmoja wa waliokuja kuzika) alikuwa anakimbia pia, ni mtu mmoja hakukimbia. Mama Waithaka alibaki amepiga magoti hapo hapo, mkono wake bado uko hewani mahali kifuniko ilikuwa. Aliniangalia. Kwa kama pumzi moja uso wake ulifunguka, nawaambia ukweli, ulifunguka kama mtu amepewa kitu, juu alikuwa ameomba mtoto aamke na mtoto ameamka. Halafu akaona sio yeye. Akainama akaangalia ndani ya jeneza, nyuma ya miguu yangu, akapapasa na mkono, upande huu, upande ule.

"Umemweka wapi?" akaniuliza. Hakupiga kelele. "Waithaka yuko wapi? Umemweka wapi?"

Nikaangalia mikono yangu. Nilikuwa na vuvuzela.

Na hapo gari ya ukweli ikaingia kwa uwanja, imefungwa kitambaa nyekundu kama yetu, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwimbia Waithaka akifika. Walikuwa wamemaliza wimbo kwangu.

Boda wakaelewa kabla ya watu wengine. Mmoja akasoma t-shirt yangu kwa sauti, "Chagua Njoki," halafu akasema, "Ati ni kampeni? Watu wa Njoki wamefanya Waithaka kampeni?" Nikaruka. Nilipita shamba ya viazi ya mtu, nikaacha kiatu huko (haijawahi kurudi, na sijawahi kuiulizia), nikasikia nyuma yangu, "Shika yeye! Rudisha yeye kwa sanduku!" na kama sio pastor kuwaambia kwanza wamteremshe mwenzao, leo mngekuwa mnasoma hii kutoka kwa mtu mwingine. Muchiri aliachiwa gari bila kioo hata kimoja. Alirudi Molo na upepo usoni, na hajanipigia tangu hiyo siku, na mimi siwezi kumlaumu.

Nilijificha kwa banda ya maziwa, na kutoka hapo ukuta una nafasi, nikaona Tata akikuja. Alikuwa ameambiwa sokoni. Alikuja kwa miguu, mbio, nguo zake za kampeni, ile leso ya manjano yenye jina lake, na alipofika kwa hema (hema yake mwenyewe) watu walimwachia njia, lakini sio vile huwa wanamwachia. Alipiga magoti mbele ya Mama Waithaka akatoa ile leso kichwani akaificha chini ya mkono.

"Mama Waithaka, nisamehe. Sikujua itakuja huku."

Mama Waithaka akamwambia, na wakati huu hakukuwa na kelele hata kidogo, nilisikia kutoka kwa banda, "Njoki, bwanangu ulimzika vizuri. Sijasahau. Lakini leo nilikutafuta hapa asubuhi nzima unishike mkono, na ukanitumia huyo."

Tata akanyoosha mkono kumshika mgongo, vile yeye hushika. Mama Waithaka akasonga. Kidogo tu. Nafasi ya mkono.

Sasa kuna mjadala huwa naona watu wakifanya kwa mtandao, ati matangazo ya vituko yanasaidia mgombea ama yanamharibia. Watu wanaandika na kujiamini kabisa, hakuna publicity mbaya, bora jina lijulikane. Mimi nitawaambia yenye niliona. Hiyo video ilienda kila mahali, jina la Tata likajulikana mpaka na watu hawajui Bahati iko wapi, wengine wakaandika "huyu mama apewe kiti tu hata ya county nzima." Na siku ya kura, huko mwisho wa ward, mahali Tata hajawahi kanyaga, alipata kura! Ukweli. Watu wa huko walimjulia kwa video, wakaona ni mama ana mambo. Ni hapa kwetu, hizi station za karibu, mahali hakuna boma hajawahi kupika chai ya matanga, hapa ndio karatasi zilihesabiwa na jina lake halikutoka. Halikutoka, likakataa kutoka. Mheshimiwa alirudi kwa kiti bila hata jasho. Kwa hivyo ukiniuliza kama tangazo ilisaidia, nitakwambia ilimpatia watu hawamjui, na ikamnyang'anya wenye wanamjua. Fanya hesabu yako mwenyewe.

Tata hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Ndung'u, lete sufuria tuoshe," tukaosha zote, tukazipanga store na hema na viti, na tukangoja, juu watu hawaachi kufa kwa sababu ya kura. Walikufa. Shosho wa kule juu alikufa, mwalimu mstaafu akakufa, tukasikia kwa kengele na kwa watu wakipita barabarani na viti za kukodisha kutoka mbali. Simu ya Tata ilikuwa hapo kwa kaunta ya agrovet, imewekwa uso juu, na kila ikilia alikuwa anaishika haraka, na ilikuwa ni mtu anauliza dawa ya kupe.

Yangu ndio ilikuwa inalia. Jamaa mmoja wa Keringet alinipigia, ati anajipanga mapema kwa kura ijayo.

"Wewe ndio director wa ile ya jeneza? Buda, content yako ni moto. Njoo unifanyie kitu, hata ikiwa noma zaidi."

"Kwenu mkifiwa, nani huleta sufuria?" nikamuuliza.

"Ati?"

"Nimeuliza tu."

Akasema atanipigia baadaye, network ni mbaya. Na hiyo ndio swali nauliza kila mtu ananitafuta na hayo mambo, na bado hakuna mmoja amenijibu.

Wiki iliyopita, hatimaye, kijana mmoja aliingia agrovet akavua kofia. Kwao wamefiwa, baba mkubwa. Tata alikuwa ameshasimama kabla amalize kusema. Alifunga leso (ya kawaida, zile za manjano tulichoma), akachukua handbag, akaniambia niangalie duka, akamuuliza kijana, "Mwili inatoka lini? Nikuje leo ama kesho asubuhi?"

Kijana akaangalia zile mifuko za chakula ya ng'ombe, akaangalia miguu yake.

"Tata, wamesema niazime viti tu."

Tata akasimama hapo kidogo na handbag kwa mkono. Akasema, "Sawa. Mpatie zile nzuri, Ndung'u." Akaenda kwa mizani akaanza kupima mbegu, na hakukuwa na mteja.

Nilibeba hivyo viti kimoja kimoja mpaka kwa gari yao, sikusaidiwa na sikutaka kusaidiwa. Vituko vya kampeni nimeachia wenye hawana kitu ya kupoteza. Na mimi kuingia kwa jeneza tena, ni ile siku moja tu inangoja kila mtu, yenye hata mama ya mtu apige kifuniko namna gani, sitaamka.